Mauthpisi ya 7C inanibana: nihamie 5C, 3C au 1½C?

Mpiga tarumbeta, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwa wote mnaopuliza ala za shaba, iwe kanisani, jeshini au kwenye sherehe.

Ninapiga sauti ya kwanza katika kwaya ya matarumbeta ya usharika wa Kilutheri hapa mkoani Kilimanjaro. Ala yangu ni tarumbeta ya kawaida ya B-flati yenye pistoni tatu, na tangu nikabidhiwe nimekuwa nikitumia mauthpisi (kile kipande kinachowekwa mdomoni) niliyoikuta ndani ya kasha lake, ambayo ni Bach 7C. Siku za kawaida hainisumbui. Lakini Jumapili yenye ibada mbili, tena ikifuatiwa na harusi au maziko mchana, midomo huchoka mapema. Baada ya kama nusu saa ya kupiga nyimbo mfululizo, ukingo wa ndani huanza kuniuma kwenye mdomo wa juu na kuniachia alama ya pete nyekundu isiyofutika upesi. Noti za chini hubaki nene na nzuri, lakini kuanzia E ya nafasi ya nne kwenda juu sauti hukonda, na ile G inayokaa juu ya mstari wa tano hutoka kwa kubana tu.

Kuna ndugu yetu anayeishi Ujerumani ambaye atakuja likizo wiki chache kabla ya Pasaka. Amejitolea kuniletea mauthpisi moja na anataka nimtajie namba. Wenzangu wananishauri kwa namna zinazopingana. Mmoja anasema nichukue kubwa zaidi, 3C au hata 1½C, ili midomo ipate nafasi; mwingine anasema nichukue ndogo yenye kikombe kifupi, yaani bakuli la ndani lisilo na kina kirefu, kwa kuwa ndiyo inayoleta noti za juu. Naomba mnisaidie kuelewa namba na herufi hizi zinasema nini hasa, na ni ipi inayomfaa mtu anayepiga nyimbo za kanisa, si jazi wala dansi. Pia naomba kujua nitaizoeaje bila kuharibu huduma, maana alfajiri ya Pasaka tunapiga nje makaburini, kwenye baridi, na wenzangu wananitegemea kushika sauti ya juu.

Mwalimu wa brasi, Nairobi

Ndugu wa Moshi, amina. Umelieleza tatizo lako kwa utaratibu, na hilo linarahisisha kazi ya kukujibu.

Nianze na namba. Vincent Bach alikuwa mpiga tarumbeta mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani mwaka 1914, na mwaka 1918 akaanza kuchonga mauthpisi huko New York. Mfumo wake ndio uliosambaa kuliko mingine yote, na ndiyo maana hata viwanda vingine huandika 7C au 3C juu ya bidhaa zao. Katika mfumo huo namba inaeleza upana wa kikombe kwa ndani, lakini inakwenda kinyumenyume: namba inavyopungua, ndivyo kikombe kinavyopanuka. Herufi inaeleza kina cha kikombe. A ni kirefu sana, C ni cha wastani, D na E ni vifupi, na mauthpisi isiyo na herufi huwa na kikombe kirefu kuliko C. Yamaha na Schilke wanafuata mfumo mwingine kabisa, kwa sababu Renold Schilke wa Chicago ndiye aliyewashauri Yamaha walipokuwa wakitengeneza ala zao. Kwao namba ikikua, upana unakua, na A ni kikombe kifupi badala ya kirefu. Kwa hiyo ndugu yako akienda dukani akaambiwa kuna 11B4 ya Yamaha, asiilinganishe na 11 ya Bach kwa kutazama namba tu.

Sasa tazama vipimo vyenyewe kama vinavyotolewa katika orodha ya Bach. 7C ina upana wa milimita 16.20, 5C ina 16.25, 3C ina 16.30, na 1½C ina 17.00. Umeona? Kutoka 7C hadi 3C, ambako watu husema ni kuhama kutoka ndogo kwenda kubwa, ni sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Kutoka 3C hadi 1½C ni sehemu saba za kumi, na huo ndio mruko wa kweli. Hata hivyo mtu akiweka 7C na 3C mdomoni, moja baada ya nyingine, anahisi tofauti papo hapo, na hiyo tofauti haitokani na upana. Inatokana na umbo la ukingo. Wapigaji wengi huona kwamba ukingo wa 7C una makali kwa upande wa ndani. Makali hayo yana faida yake, kwa sababu noti huanza kwa usafi na ulimi hupata jibu la haraka, lakini kwa mtu anayepuliza muda mrefu huku akikandamiza, ndiyo yanayokata mdomo. Ukingo wa mviringo zaidi unastahimilika kwa saa nyingi, ingawa mwanzo wa noti hauwi mkali kiasi kile. Upana wa ukingo wenyewe pia una maana: ukingo mpana hutawanya mgandamizo na kuongeza ustahimilivu, ilhali ukingo mwembamba huiachia midomo uhuru wa kuruka kutoka noti hadi noti.

Kwa hiyo unaposema kwamba mdomo unauma, ninasikia habari ya ukingo. Unaposema kwamba G ya juu inabana, ninasikia habari nyingine, nayo ni ya pumzi na mgandamizo. Noti hupanda kwa sababu midomo inatetema kwa kasi zaidi kupitia nafasi ndogo zaidi iliyo katikati yake, huku pumzi ikisukumwa vizuri kutoka chini. Kikombe kifupi kinaweza kuifanya noti uliyo nayo tayari itoke kwa jasho pungufu na kwa sauti inayong'aa, lakini hakimpi mtu noti ambayo midomo yake haijajifunza. Tena mwenye midomo minene akitumia kikombe kifupi mno, midomo huingia ndani hadi ikagusa chini ya kikombe, na sauti hukatika ghafla katikati ya wimbo. Hilo si jambo la kujaribia kwenye ibada.

Ile pete nyekundu inaniambia kwamba mkono wako wa kushoto unaivuta tarumbeta usoni kila noti inapopanda. Jaribu hivi leo: shika ala kwa ncha za vidole tu, usiifumbate, upige kutoka C ya katikati kupanda hatua kwa hatua kwa sauti ya wastani. Mahali ambapo noti inakataa kutoka bila kuvuta ndipo uwezo wako halisi unapoishia, na hapo ndipo pa kuanzia mazoezi, mauthpisi iwe yoyote ile. Louis Armstrong, kwa ukubwa wake wote, aliumia midomo mara nyingi kwa kupiga kwa nguvu usiku baada ya usiku, ikambidi kuiweka ala chini ili apone. Midomo ni nyama.

Ushauri wangu kwa kazi yako ni 3C, na ikikosekana, 5C. Utabaki na kikombe cha kina kilekile cha wastani, ambacho kinachanganyika vizuri na sauti ya pili, tena na besi, na utapata ukingo ulio tofauti bila kubadilisha kila kitu kwa pamoja. 1½C ni mauthpisi nzuri sana, ina ukingo wa kustarehesha na sauti pana, na wapigaji wengi wa okestra wanaipenda; lakini inadai misuli iliyofanyiwa mazoezi kila siku. Mtu anayepiga Jumapili na siku moja ya mazoezi katikati ya wiki atachoka nayo kabla ya ubeti wa tatu.

Mpigaji wa matarumbeta ya harusi, Dar es Salaam

Shikamoo mwalimu. Nakubaliana na mengi uliyosema, lakini naomba nikitetee kikombe kifupi, kwa sababu naona watu wa kanisani wanakihukumu bila kujua kinafanya kazi gani.

Sisi tunapiga nje. Tunamtoa bibi harusi nyumbani, tunapanda nyuma ya pikapu, tunazunguka barabarani, na ngoma kubwa pamoja na matoazi viko hatua mbili kutoka masikioni mwetu. Katika mazingira hayo sauti nene ya kikombe kirefu humezwa. Inasikika vizuri kwa mpigaji mwenyewe, ila aliye upande wa pili wa barabara hasikii isipokuwa ngoma. Kikombe kifupi kinaipa sauti makali ya kupenya, na ndiyo maana wapigaji wanaoongoza sauti ya juu kwenye bendi kubwa za jazi hutumia mauthpisi kama Schilke 14A4a. Mimi nina mbili: 3C kwa mazoezi na kwa nyimbo za taratibu, na nyingine yenye kikombe kifupi kwa barabarani. Jambo nililolizingatia nilipoichagua ile ya pili ni kwamba ukingo wake uwe karibu sana na ule wa 3C kwa umbo na kwa upana. Midomo inatambua ukingo tu. Kikombe kiko ndani, hakiguswi, kwa hiyo ukibadilisha kikombe peke yake mdomo haupotei njia.

Ndugu wa Moshi, kama nusu ya kazi yako ni harusi na maandamano, fikiria jambo hili baadaye, usiifanye kuwa mauthpisi yako ya kwanza. Ukianza na kikombe kifupi utazoea kubana, na siku ukitakiwa kupiga wimbo wa maziko kwa sauti laini, hutakuwa na kitu cha kutoa. Jingine ninalokuomba ni kwamba, ikiwa nanyi hupanda magari kama sisi, usiweke mauthpisi mdomoni gari likiwa kwenye mashimo. Nimewaona waliovunjika meno.

Fundi wa ala, Arusha

Kabla hamjamtuma huyu ndugu kununua chochote, naomba tuikague mauthpisi aliyo nayo pamoja na ala yenyewe. Ninapokea tarumbeta nyingi za makanisa, nyingine zimetoka Ulaya zikiwa zimetumika miaka mingi, na mara kwa mara kinachoitwa udhaifu wa mpigaji huwa ni shina lililopinda.

Chomoa mauthpisi, kisha tazama ncha ya shina, yaani ile sehemu nyembamba inayoingia kwenye bomba, ukiielekeza kwenye mwanga. Tundu la mwisho linapaswa kuwa duara kamili. Ikiwa imewahi kuanguka sakafuni, na karibu zote zimewahi kuanguka, utaona upande mmoja umebonyea na duara limekuwa yai. Hewa inapopita hapo inavurugika, noti za juu zinatetereka, na shina halikai sawasawa kwenye bomba. Fundi mwenye kifaa cha kunyoosha, ambacho ni kipande cha chuma chenye umbo la pia, hulirudisha duara kwa dakika chache. Tafadhali msitumie msumari wala bisibisi.

Kisha irudishe mahali pake kwa kuizungusha kidogo, bila kuigonga kwa kiganja, na ujaribu kuichezesha kushoto na kulia. Haitakiwi kutikisika hata kidogo. Shina la tarumbeta huingia kwenye bomba kiasi cha sentimita mbili hadi mbili na nusu. Ikiingia zaidi sana ya hapo na kulegea, yawezekana ni mauthpisi ya koneti, ala ya shaba inayofanana na tarumbeta, na mauthpisi yake ina shina jembamba na fupi. Jambo hili hutokea sana, hasa kwenye bendi zenye koneti na tarumbeta kwa pamoja, ambako mauthpisi zote huwekwa katika boksi moja. Ikiingia kidogo mno, upo uwezekano wa kinyume chake, au bomba lina uchafu uliogandamana. Mwishoni mwa shina, ndani ya bomba, huwa kuna nafasi ndogo kabla ya bomba lenyewe kuanza, na nafasi hiyo ikiwa kubwa au ndogo kupita kiasi ala hubadilika: noti hupoteza shabaha, nyingine hupanda na nyingine hushuka. Kwa hiyo mauthpisi mbili zenye namba ileile zinaweza kulia tofauti katika tarumbeta moja kwa sababu tu mashina yake hayaingii kwa kina kimoja.

Tazama pia rangi ya ukingo. Mauthpisi nyingi ni shaba ya njano iliyochongwa na kupakwa fedha. Fedha ikilika na ile shaba ya njano ikaanza kuonekana, watu wengine hupata muwasho na vipele mdomoni, kisha hudhani ni uchovu. Ikiwa ndivyo, hata ukibadilisha namba utakuwa umetibu kitu kingine; unahitaji iliyopakwa upya, na kwa wanaodhuriwa hata na fedha, ipo ya dhahabu.

Mwisho, ioshe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, na brashi ndogo ya mauthpisi. Tundu la katikati ya Bach ya kawaida lina upana wa milimita 3.66 tu. Utando wa mate na mabaki ya chakula ukikaa humo, unapuliza kupitia tundu dogo zaidi ya lile ulilonunua. Na ikikwama ndani ya bomba usiivute kwa koleo, wala wawili msishindane kuivuta, kwa kuwa bomba la mbele ni jembamba na litajipinda. Lete kwa fundi mwenye kifaa cha kuchomolea.



Mpiga tarumbeta, Moshi

Shikamooni walimu wangu, na asanteni sana. Nimefanya kama fundi alivyoelekeza. Ncha ya shina imebonyea upande mmoja, si sana, lakini ukitazama dhidi ya mwanga inaonekana wazi, na mauthpisi inatikisika kidogo ikiwa ndani ya bomba. Ukingoni, upande wa mdomo wa juu, fedha imelika kwa urefu wa kama kucha ya kidole kidogo, na ndipo hasa panaponiuma. Nilipojaribu lile zoezi la kushika kwa ncha za vidole, nilifika D ya mstari wa nne kwa raha, E kwa shida, na G haikutoka kabisa. Basi mwalimu alisema kweli kuhusu mkono wa kushoto.

Nimemwandikia ndugu yetu wa Ujerumani aniletee 3C. Swali lililobaki ni namna ya kuizoea. Je, niendelee kutumia ya zamani kanisani na mpya nyumbani, au niihamie mara moja? Na mtu anajuaje kwamba mauthpisi imemkataa, au kwamba ni yeye tu ambaye hajaizoea?

Mpiga fligelhoni, Lushoto

Kaka, naomba nichangie kwa upande wa meno, kwa sababu halijatajwa. Mimi jino langu moja la mbele limesogea mbele kidogo kuliko mengine, na ukingo wenye makali ulikuwa ukibana mdomo kati ya chuma na jino hilo. Mwalimu wangu alinifundisha kutafuta mahali pa kuweka mauthpisi kwa kuanza na midomo pekee: unatetemesha midomo bila ala, unaweka mauthpisi peke yake, unasikiliza mahali ambapo mtetemo hauzimiki, halafu ndipo unaichomeka kwenye ala. Kwangu mahali hapo ni kushoto kidogo ya katikati, na hakuna ubaya wowote. Ukipata 3C usiilazimishe kukaa pale pale 7C ilipokuwa ikikaa. Iache itafute mahali pake katika siku za kwanza, kisha ikishapapata usiihamishe tena.

Na kama utakuwa ukipokezana na mwenzako fligelhoni, ala inayofanana na tarumbeta yenye sauti nene zaidi, kumbuka kwamba mauthpisi yake ni nyingine, ina kikombe kirefu chenye umbo la faneli, na mashina ya fligelhoni yenyewe hayafanani kati ya kiwanda na kiwanda. Chagua yenye ukingo unaokaribiana na 3C ili mdomo usisumbuke.

Mwalimu wa brasi, Nairobi

Marahaba. Umefanya vema kuripoti ulichokiona, na pale ulipofika kwa ncha za vidole pasikuvunje moyo, maana sasa unajua pa kuanzia.

Kwanza, nyoosha shina la 7C hata kama unaiacha. Utaihitaji mpaka Pasaka ipite, na ni haki yako kujua ilivyokuwa inalia kabla ya kuharibika.

Mauthpisi mpya ikifika, utaona jambo moja linalowapotosha wengi. Siku za mwanzo ni fungate: midomo imepumzika kutokana na ule ukingo wa zamani, mauthpisi mpya inakaa juu ya nyama ambayo haijachoka, na noti za juu zinatoka kana kwamba umebarikiwa upya. Halafu, ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, mambo huharibika. Sauti inakuwa na upepo, noti zinakosewa, na mtu anaanza kusema mauthpisi haimfai. Ni misuli inayozoea kushika mahali papya. Usihukumu siku za furaha wala siku za huzuni. Ipe wiki tatu au nne za kupiga kila siku kabla ya kutoa uamuzi wowote.

Kwa muda huo usirukeruke. Kupiga moja nyumbani na nyingine kanisani huifanya midomo isijue ipi ni yake, na hapo ninatofautiana kidogo na ndugu yetu wa Dar, si kwa kuwa amekosea, bali kwa kuwa yeye amezizoea zote mbili kwa muda mrefu na kingo zake zinafanana. Wewe bado. Kwa hiyo, kama ndugu yako atafika chini ya wiki tatu kabla ya Pasaka, iweke ile mpya kasha­ni na upige Pasaka kwa 7C iliyonyooshwa, ukijizoeza kuulegeza mkono wa kushoto. Akifika mapema zaidi, hamia moja kwa moja na uwaombe wenzako wakusaidie: kwa nyimbo za ibada za kawaida, wawili mgawane beti, mmoja ubeti wa kwanza na wa tatu, mwingine wa pili na wa nne, na wote muungane mwishoni.

Mazoezi yenyewe yawe mafupi na ya mara nyingi. Dakika 10 hadi 15, kisha pumzika kwa muda ule ule, kisha rudia. Anza na noti ndefu kwa sauti ndogo, kuanzia G iliyo chini ya C ya katikati, yaani G inayopigwa kwa pistoni ya kwanza na ya tatu iliyo chini ya mistari, ukishuka nusu hatua hadi F-shapu ya chini kabisa, halafu upande hadi G ya mstari wa pili. Sauti ndogo ndiyo inayofichua kila kitu: ukipuliza kwa nguvu, pumzi inafunika udhaifu wa midomo. Baada ya hapo fanya miruko ya midomo bila kubadilisha vidole, kutoka C kwenda G na kurudi, taratibu, ukihakikisha mauthpisi haisogei usoni. Noti za juu ziguse mwishoni tu na kwa muda mfupi, nusu hatua juu ya pale ncha za vidole zinapokufikisha, na ukiona unaanza kuvuta, acha kwa siku hiyo.

Kuhusu kujua kama imekukataa, tumia masikio ya mtu mwingine. Wewe uko nyuma ya tarumbeta na unachokisikia si kile kinachofika kwenye viti vya mwisho. Mwombe mwenzako akae nyuma kabisa ya kanisa, umpigie beti mbili za wimbo mmoja kwa mauthpisi moja na mbili kwa nyingine bila kumwambia ipi ni ipi, akueleze tu ni ipi inayoimba. Fanya hivyo mwanzoni, siku utakapoipokea, na tena mwisho wa wiki ya nne. Kisha weka programu ya kupimia sauti kwenye simu na upige oktava: C ya katikati na C ya nafasi ya tatu, halafu G ya mstari wa pili na G ya juu. Usawazishe bomba la kutunia upya kwanza, kwa kuwa mauthpisi mpya hubadilisha urefu wa jumla wa ala. Ikiwa baada ya wiki nne oktava hizo bado zinaachana zaidi kuliko zilivyokuwa kwa 7C, au noti ya juu inashuka kila mara hata midomo ikiwa haijachoka, basi tatizo ni la mauthpisi na shina lake ndani ya bomba lako, na hapo umrudie fundi wa Arusha apime nafasi ile ya ndani. Ikiwa oktava ziko sawa na kinachokuponyoka ni ustahimilivu tu, endelea. Ustahimilivu ndio unaochelewa kuliko yote.

Alfajiri ya Pasaka, mauthpisi yoyote utakayotumia, ibebe ndani ya kiganja au mfuko wa koti tangu unatoka nyumbani, usiichomeke mpaka wimbo unakaribia. Chuma baridi kinautia mdomo ganzi, na ala iliyopoa inalia chini kidogo ya ilivyotuniwa ndani ya nyumba, kwa hiyo puliza hewa ya joto ndani yake kimya kimya, ukishusha pistoni zote, mchungaji akiwa bado anasoma.

Mpiga tarumbeta, Moshi

Asante, mwalimu. Ndugu yetu anafika wiki mbili kabla ya Pasaka, basi 3C itangoja. Kesho napeleka 7C Arusha kunyooshwa shina, na jioni nitakaa na mpiga sauti ya pili tugawane beti za ibada za baada ya sikukuu.